Weston Master II ya mjomba: sindano inacheza, lakini negativi zimetoka nyembamba

MwanaRaskazone (Tanga)

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wa rika langu.

Marehemu mjomba wangu alikuwa na studio ndogo hapa Tanga, na katika sanduku aliloliacha nimekuta kipimamwanga cha Weston Master II ndani ya mfuko wake wa ngozi ulioota ukungu pembeni. Ni cha seli ya seleniamu, inayozalisha umeme yenyewe ikipigwa na mwanga, kwa hiyo hakitumii betri. Nikikielekeza dirishani sindano inapanda bila kusita, nikikifunika kwa kiganja inashuka. Kifuniko chenye vitundu kilichoko nyuma kinafunguka na kufunga vizuri, na skeli inabadilika yenyewe kila ninapokifungua.

Kwa kuwa sindano ilikuwa inacheza, nilikiamini. Niliweka filamu ya nyeusi na nyeupe ya 400 (ndiyo namba ya wepesi wake wa kushika mwanga) kwenye kamera, nikaweka 400 kwenye duara la kipimo, nikapiga picha zote 36: nyingine ufukweni Raskazone saa nne asubuhi, nyingine barazani kwa bibi, na chache ndani ya nyumba. Filamu iliporudi kutoka kusafishwa, negativi za ufukweni zilikuwa nyembamba, yaani zimepauka, za barazani nyembamba zaidi, na za ndani karibu uwazi mtupu. Aliyesafisha aliniambia kwa kifupi kwamba mita ni mbovu, niitupe.

Naomba kujua mambo mawili. Kwanza, kifaa cha umri huu kinapimwaje nyumbani, bila kukipeleka kwa fundi mwenye vyombo? Pili, kuna mtu ananiuzia kipimamwanga kingine, Gossen Lunasix 3. Je, nihamie huko na kuachana na hiki cha mjomba, au ni kuruka majivu na kukanyaga moto?

---

Rola36 (Nairobi)

Pole kwa msiba, na pole kwa filamu. Mimi nilishakuwa na mita mbili za seleniamu na zote zilinifia mikononi. Seli ya seleniamu huchoka, na hasa kwenye hewa ya pwani unyevu hupenya ukala mahali seli inapogusana na waya zake, sindano ikawa inapanda kwa uvivu au haipandi kabisa. Ikichoka hairudi. Kufufua seli ni hadithi. Dawa ni kuweka nyingine, na seli nyingine utaitoa wapi?

Ushauri wangu ni kwamba ukiweke kabatini kama kumbukumbu ya mjomba, utumie programu ya kupima mwanga kwenye simu. Na jua la kwetu halihitaji hata simu: jua likiwaka bila wingu, weka tundu la lenzi f/16 na kasi ya shata iliyo karibu na namba ya filamu, yaani 1/500 kwa filamu ya 400, na utapata picha.

---

MzeeNegativi (Zanzibar)

Marahaba, mwanangu. Mungu amrehemu mjomba wako.

Kabla ya kumjibu aliyeuliza, naomba nimpinge kidogo Rola36, kwa heshima. Ni kweli kwamba seleniamu huchoka, na ni kweli kwamba pwani huchoka mapema. Lakini hebu tufuate hesabu. Seli iliyochoka huzalisha umeme kidogo kuliko inavyopaswa, kwa hiyo sindano hupanda kidogo, kwa hiyo mita hukwambia mwanga ni haba wakati si haba. Ukiitii, utafungua tundu zaidi au utapunguza kasi ya shata, na filamu itapata mwanga wa kupita kiasi. Negativi itatoka nzito, nyeusi, ya kusumbua wakati wa kuchapa. Kijana wetu anatuambia zake zimetoka nyembamba. Huo ni ugonjwa wa upande wa pili kabisa: ama mita inasoma mwanga mwingi kuliko uliopo, ama mita ni nzima na ameielekeza pasipostahili, ama filamu haikusafishwa kwa muda wake. Seli iliyochoka haimo katika orodha hiyo.

Basi anza na filamu yenyewe, kabla hujaigusa mita. Ishike negativi dhidi ya dirisha, tazama pembeni, kwenye namba za picha na jina la filamu yaliyopigwa kiwandani. Maandishi hayo hayajui mita yako wala kamera yako. Yaliangazwa na aliyeitengeneza filamu, na weusi wake hutegemea usafishaji peke yake. Yakiwa meusi na makali huku picha zako ni nyembamba, msafishaji hana kosa, mwanga ndio uliopungua. Yakiwa yamefifia ya kijivu, dawa ilikuwa imechoka au imepoa, ama muda ulikatwa, na hapo mita yako imesingiziwa.

Namba zikiwa nyeusi, rudi kwenye mita uikague sifuri. Usiifunike kwa kiganja, maana mwanga hupenya kati ya vidole; funga kile kifuniko cha vitundu, ulaze mita juu ya kitambaa cheusi kilichokunjwa mara kadhaa, seli ikiwa chini na uso wa skeli ukiwa juu, usubiri kidogo. Sindano inapaswa ilale juu ya mstari wa sifuri barabara. Mita nyingi za zamani, kwa kuanguka na kutikiswa, sindano yake hulala juu kidogo ya sifuri, na kosa hilo hujiongeza katika kila kipimo. Kwenye jua kali hutaliona, kwa kuwa ni sehemu ndogo ya mpando mkubwa. Kwenye baraza na ndani ya nyumba, ambako sindano yenyewe haipandi sana, kosa hilohilo linakuwa stopu moja au zaidi, na kwa asiyezoea neno hilo, stopu moja ni mara mbili ya mwanga au nusu yake. Umesema za ndani ndizo zilizokuwa nyembamba kuliko zote. Ndiyo maana nimeanza hapa.

Dawa yake ni skrubu ndogo yenye mkato, iliyowekwa kwa kazi hiyo hiyo ya kurekebisha sifuri. Tumia bisibisi ya saa, igeuze kidogo sana, kisha gonga mita kwa ncha ya kidole ili sindano isigande, uangalie tena. Baada ya hapo isimamishe wima, ilaze ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto. Sindano ikihama sana kila unapogeuza, mizani yake imeharibika na hiyo si kazi ya mezani kwako. Ikihama unywele mmoja tu, achana nayo, ila uwe unapima ukiwa umeishika mkao uleule kila siku.

Jambo la tatu watu wengi hulisahau. Master II ilitoka mwaka 1946, na duara lake halitumii ASA (namba ya filamu tuliyoizoea, ambayo leo huitwa ISO) bali namba za Weston wenyewe, ambazo ziko theluthi ya stopu chini. Filamu ya ASA 100 huwekwa 80 kwenye Weston, na ya 400 huwekwa 320. Ni kuanzia Master III ya 1956 ndipo wakaingia kwenye ASA. Wewe uliweka 400, kwa hiyo uliinyima filamu theluthi ya stopu tangu mwanzo. Peke yake isingekuua, lakini makosa madogo yakielekea upande mmoja hujumlishana. Mwenye mita ya Leningrad ya Kirusi naye aangalie, kwa kuwa zile za zamani zina namba za GOST, kipimo cha Warusi wenyewe, na 65 yao ni karibu na ASA 80.

Sasa kupima. Azima kamera yoyote ya kidijitali inayokubali kuwekwa ISO 100 na kuonyesha kasi na tundu. Tafuta kadi ya kijivu, au hata ukuta mmoja wa rangi isiyong'aa, wenye mwanga unaolingana kutoka pembe hadi pembe. Kamera iujaze ukuta huo mtupu kwenye kioo chake, mita nayo iukaribie kiasi cha kutoona kingine, huku ukijihadhari kivuli cha mkono wako kisiangukie unapopima. Andika namba zote mbili. Fanya hivyo juani, barazani, chumbani karibu na dirisha, na chumbani mbali na dirisha, ili vipimo vyako vitambae kuanzia juu ya skeli hadi chini. Usikubali kipimo kimoja cha juani kikudanganye. Mita karibu zote zina adabu juani.

Ukimaliza, usitazame ukubwa wa tofauti, tazama kama tofauti ni ileile. Mita inayokosea kwa stopu nzima kila mahali ni mita nzuri, kwa kuwa utahamisha namba ya filamu kwenye duara na mambo yamekwisha. Mita inayopatia juani, ikakosea nusu barazani, ikakosea moja na nusu chumbani, hiyo ndiyo isiyotibika kwa duara. Na tofauti ya sehemu ndogo ya stopu isikunyime usingizi: hata watengenezaji wa mita hawakukubaliana juu ya namba ya msingi ya kupimia, Sekonic wakitumia 12.5 na Minolta 14, nayo peke yake ni karibu sehemu moja ya sita ya stopu.

Kama huna kamera ya kidijitali, balbu moja itakutosha. Usiku, zima taa nyingine zote, ining'inize balbu isiyo na kioo cha maziwa wala kivuli katikati ya chumba, mbali na kuta nyeupe. Pima ukiwa nusu mita, kisha mita moja, kisha mita mbili, seli ikiitazama balbu moja kwa moja. Kila unapouzidisha umbali mara mbili, mwanga hupungua mara nne, yaani stopu mbili. Mita ikikupa mbili na mbili, mstari wake umenyooka. Jaribio hili halitakwambia kama inasoma juu au chini, lakini litakwambia kama inasema lugha moja mwanzo hadi mwisho.

Nimechoka kuandika, lakini la ufukweni bado halijajibiwa. Raskazone saa nne asubuhi ulikielekeza wapi kipimo?

---

BintiKilindini (Mombasa)

Shikamoo Mzee. Naomba nijibu swali la pili la kaka, kwa kuwa Lunasix 3 ninayo na nimeishi nayo.

Ni mita nzuri mno gizani. Inasoma mwanga ambao Weston yako haitausikia kabisa. Ila ndani yake haina seleniamu, ina seli ya CdS (ya kadimiamu na salfa) inayokula umeme wa betri mbili za PX625, nazo zilikuwa za zebaki za volti 1.35. Betri hizo zimeshapigwa marufuku, Marekani tangu mwaka 1996, na ukizikuta dukani leo zenye umbo hilo mara nyingi ni za alkali za volti 1.5. Zinaingia vizuri, sindano inacheza vizuri, na kipimo ni cha uongo, tena uongo usiotulia, kwa sababu volti ya alkali hushuka kadiri inavyotumika. Mimi natumia zile betri ndogo za zinki na hewa za vifaa vya kusaidia kusikia, saizi 675, zinazopatikana kwenye kliniki za masikio. Volti yake iko karibu sana na ya zebaki. Ni nyembamba kuliko nafasi yake, kwa hiyo nimezivisha pete ya mpira, na ukishabandua ile karatasi yake inaanza kuhesabu siku: baada ya miezi michache inakauka hata kama hukuitumia. Kabla ya kumpa huyo muuzaji fedha, bonyeza kipimo cha betri. Sindano isipofika kwenye alama nyekundu, vipimo vingine vyote usivisikilize.

Kuna tabia nyingine ya CdS ambayo haielezwi sana. Ina kumbukumbu. Ukiipitisha kwenye jua kisha ukaingia nayo msikitini au sebuleni, kwa dakika kadhaa itaendelea kusoma kana kwamba bado ina jua machoni. Iweke kwenye mfuko kwanza, unywe chai, ndipo upime.

Kuhusu picha za ufukweni, nami nina shauku ya jibu la swali la Mzee. Mita ya kuakisi, yaani inayopima mwanga unaorudi kutoka kwa unachokipiga, haimjui mtu wala kanzu. Inataka kila inachokiona kiwe kijivu. Ukiielekeza kwenye kanzu nyeupe itakunyima mwanga na kanzu itatoka ya kijivu, na uso wa mtu mweusi aliyeivaa utazama gizani. Ukiielekeza usoni peke yake itafanya kinyume. Kama Weston yako haina Invercone, ile kofia nyeupe ya kupimia mwanga unaomwangukia mtu, tumia kiganja chako. Viganja vyetu havina weusi wa uso. Changu nimekilinganisha na kadi ya kijivu juani, kikawa juu kwa stopu moja kasoro kidogo. Kwa hiyo nakipima katika mwanga uleule unaomwangukia ninayempiga, kisha naongeza mwanga stopu moja. Lakini usichukue namba yangu, linganisha kiganja chako mwenyewe.

---

MwanaRaskazone (Tanga)

Marahaba dada ukiwa mdogo, na shikamoo ukiwa mkubwa. Nimefanya yote mliyoniagiza, na majibu haya hapa.

Namba za pembeni mwa filamu ni nyeusi tii, unaweza kuzisoma ukiwa mbali. Kwa hiyo msafishaji hakukosea kwenye dawa, ingawa alikosea kwenye hukumu.

Sifuri: Mzee, nilipoilaza juu ya kitambaa cheusi sindano ilibaki juu ya mstari, kama upana wake mara mbili. Nilikuwa nimeifunika kwa kiganja siku zote nikadhani ni mwanga unaopenya. Kabla ya kugusa skrubu nilipima kwanza ili nione tofauti, duara likiwa 80 na kamera ya kuazima ikiwa ISO 100. Kadi ya kijivu juani, kamera ilisema 1/125 kwa f/16, na Weston ikasema hivyohivyo. Barazani kamera ilisema 1/125 kwa f/4, Weston ikasoma mwanga zaidi kwa kama nusu stopu. Chumbani karibu na dirisha kamera ilitoa 1/30 kwa f/2.8, Weston ikazidisha stopu moja na nusu. Yaani kama vile Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu.

Nikarekebisha skrubu. Ilinichukua jioni nzima, kwa kuwa nikigeuza kidogo haiendi, nikiongeza inaruka. Baada ya hapo juani inasoma theluthi ya stopu chini ya kamera, barazani sawa, chumbani theluthi chini. Usiku nikafanya la balbu: kutoka nusu mita hadi mita moja ilishuka stopu mbili, kutoka mita moja hadi mbili ikashuka mbili na kitu kidogo. Nikiigeuza ubavu wa kushoto sindano inahama unywele, kwa hiyo nitakuwa naishika wima.

Na sasa la aibu. Ufukweni nilisimama mbele ya mjomba mdogo aliyevaa kanzu, bahari na mbingu nyuma yake, nikainyoosha mita usawa wa kifua changu nikapima yote kwa pamoja.

---

MzeeNegativi (Zanzibar)

Basi mita ilikutii, ikakupimia mbingu. Ile seli ina jicho pana, nusu ya ulichopima kilikuwa anga na maji yanayometameta, na nusu ya iliyobaki ilikuwa kanzu. Siku nyingine ukiwa wazi namna ile, iinamishe mita itazame chini, mchangani au majanini, lakini si kwenye mchanga mweupe wa kwetu, huo nao ni kanzu. Au msogelee mjomba mdogo hadi mita ione kifua na uso wake tu, ukijihadhari usimwekee kivuli, kisha ufanye kama BintiKilindini alivyokueleza.

Zitazame pia herufi U na O zilizoko kwenye duara, pande mbili za mshale. U iko stopu nne chini na O iko stopu tatu juu. Ukishaamua tundu na kasi yako, pima kanzu peke yake, uone namba yake inaangukia wapi kati ya hizo mbili. Ikiwa ndani ya O, mikunjo ya kitambaa itaonekana. Pima pia kivuli cha chini ya kofia. Kikivuka U, hakuna kitakachobaki humo.

Theluthi hiyo inayosoma chini iache kama ilivyo. Filamu ya negativi inapenda kuongezewa kuliko kupunguziwa. Ungekuwa unatumia ya slaidi, ningekwambia uirekebishe.

Lunasix usiinunue mwezi huu. Nunua chembe za silika, uzifunge kwenye kopo moja na mita, na huo mfuko wa ngozi ulioota ukungu usiurudishe humo.

---

Rola36 (Nairobi)

Mzee, nimezitoa zangu mbili kabatini. Moja imekufa kweli, haisogei hata juani. Nyingine, nilipoilaza juu ya kitambaa cheusi, sindano yake imelala chini ya sifuri, na negativi zake ndizo zilizokuwa zikitoka nzito. Natafuta bisibisi ya saa.

---

MwanaRaskazone (Tanga)

Nimebandika kipande cha plasta nyuma ya Weston, nimeandika kwa wino: 100 ni 80, 400 ni 320, ishike wima. Kiganja changu kiko juu ya kadi kwa robo tatu ya stopu. Jumamosi narudi Raskazone na mjomba mdogo, amekubali kuivaa kanzu ileile.